Marubani wa Bandari Hawaagizwi kwa Zabuni

Miaka michache iliyopita imebadilisha sura ya bandari za mwambao wetu. Dar es Salaam, magati namba 1 hadi 7 yameongezwa kina hadi mita 14.5. Tanga, ambako kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikafuatwa kwa matishari, leo meli zinafunga gatini. Mombasa imepata gati jipya la mafuta Kipevu, na Lamu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021. Tepe zimekatwa, winchi zimesimikwa, takwimu za shehena zimesomwa bungeni. Hayo yote ni mema, na wanaostahili pongezi wamezipata.

Swali ambalo halijaulizwa kwa uzito unaostahili ni hili: meli hizo zinaingizwa na nani? Alisomea wapi, kwa miaka mingapi, chini ya mwalimu gani? Na anapopanda ngazi ya kamba saa tisa usiku, ubavuni mwa meli yenye urefu unaokaribia mita 300, ni nani mwenye dhamana aliyehakikisha kwamba amelala vya kutosha, ana afya, na anaijua njia?

Gazeti hili linasema wazi: kumwandaa rubani wa meli ni wajibu wa mamlaka ya bandari kwa uzito uleule wa kuchimba kina na kujenga gati. Mchanga wa baharini huchotwa kwa miezi. Rubani hupatikana kwa miaka. Mamlaka inayojiandaa kupokea meli kubwa mwaka ujao, na haikuanza kuwaandaa marubani miaka kadhaa nyuma, imeiandaa ajali yenyewe.

Raia wengi hawamjui mtu huyu, kwa kuwa kazi yake hufanyika mbali na macho ya watu. Meli kubwa ya kigeni inapofika nje ya Mombasa au Dar es Salaam, nahodha wake haingii mwenyewe, hata kama amekwisha kuizunguka dunia. Sheria inamtaka asubiri rubani. Boti ya rubani hutoka bandarini, husogea ubavuni mwa meli ambayo bado inatembea, na rubani hudaka ngazi ya kamba huku boti ikipanda na kushuka na mawimbi. Akifika juu hukuta chumba cha usukani chenye maafisa ambao pengine hajawahi kuwaona, wa mataifa mbalimbali, na chombo ambacho huenda hajawahi kukiongoza. Ana dakika chache za kukielewa kabla ya kukiingiza mahali ambapo kosa la dakika moja halirekebishiki.

Kuanzia hapo anafanya hesabu zisizosubiri. Maji kwanza: katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3 wakati wa bamvua, hivyo meli inayopita salama maji yakiwa yamejaa inaweza kukwama palepale saa chache baadaye. Kisha upepo: kontena zilizopangwa ghorofa kwa ghorofa juu ya sitaha hushika upepo wa kusi na kuisukuma meli pembeni, hata kama usukani umenyooshwa. Kisha mwendo: akienda polepole mno usukani haushiki, akienda kasi katika kina kifupi, meli hudidimia zaidi ya ilivyokuwa imesimama, na tezi yake huvutwa kuelekea ukingo ulio karibu. Mombasa anapita kwenye uwazi wa miamba chini ya mnara wa Ras Serani, kisha anakata kona ya Likoni, mbele ya feri, kuingia Kilindini. Dar es Salaam anapita visiwa vya Makatumbe na kuingia mlango mwembamba uliopinda, huku pantoni zikikatiza mbele yake kati ya Magogoni na Kigamboni. Kila kona ina wakati wake wa kuanza kuikata. Aliyechelewa hana breki ya kumwokoa, kwa sababu meli ya ukubwa huo huendelea kwenda mbele umbali mrefu hata baada ya injini kurudishwa nyuma.

Mlango wa namna hii ukifungwa, hakuna mwingine. Wajerumani walilijua hilo: Agosti 1914 walizamisha kwa makusudi chelezo kinachoelea kwenye mlango wa bandari ya Dar es Salaam ili kuuziba. Kilichofanywa kwa makusudi na jeshi kinaweza kufanywa kwa bahati mbaya na rubani mmoja aliyechoka au asiyefundishwa vizuri. Leo nyuma ya mlango huo kuna mafuta ya Zambia, shaba ya Kongo, mbolea ya Malawi, na mizigo ya Burundi na Rwanda. Nyuma ya mlango wa Likoni iko Uganda nzima na Sudan Kusini. Dunia ilionyeshwa gharama yake Machi 2021, meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipokwama kwa siku 6 katika Mfereji wa Suez ikiwa na marubani wawili ndani.

Kwa uzito wote huo, mtu angetarajia kwamba mafunzo ya rubani yamefungwa na mkataba wa kimataifa wenye meno. Sivyo. Mkataba wa mwaka 1978 unaosimamia mafunzo na vyeti vya mabaharia, ambao nahodha na maafisa wake hawawezi kusafiri bila kuutimiza, hauweki masharti ya cheti cha rubani wa bandari. Kilichopo ni Azimio A.960 la Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lililopitishwa Desemba 2003. Azimio hilo ni pendekezo. Linazitaka nchi ziwe na mamlaka yenye uwezo wa kusimamia urubani. Rubani apimwe afya. Afundishwe kwa vitendo chini ya marubani wazoefu katika maji yaleyale atakayofanyia kazi. Ajifunze kufanya kazi na timu ya chumba cha usukani. Na umahiri wake uthibitishwe upya kila baada ya muda usiozidi miaka 5. Lakini hakuna mkaguzi wa kimataifa atakayefika Kilindini au Kurasini kuuliza kama hayo yanafanyika.

Maana yake ni kwamba mzigo wote umeachwa mikononi mwa taifa. Tanzania inayo Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, wakala wa kusimamia usafiri wa majini, na Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Kenya inayo Mamlaka ya Bandari, Mamlaka ya Bahari, na Chuo cha Bandari Mombasa. Vyombo vipo. Kinachotakiwa ni kila kimoja kujua sehemu yake ya wajibu na kuitimiza bila kumsubiri mwenzake.

Tunayasema haya kwa sababu historia imekwisha kutoa hukumu. Jioni ya tarehe 15 Februari 1996, meli ya mafuta Sea Empress ilikuwa ikiingia bandari ya Milford Haven, Wales, rubani akiwa ndani. Iligonga mwamba mlangoni, na katika siku zilizofuata tani 72,000 hivi za mafuta ghafi zikamwagika baharini, zikaua ndege wa majini kwa maelfu na kufunga shughuli za uvuvi. Wachunguzi wa Uingereza walikuta kosa la rubani. Hawakuishia hapo. Walieleza kwamba kosa hilo lilitokana kwa sehemu na upungufu wa mafunzo na uzoefu wake katika kuongoza meli kubwa za mafuta, na kwamba yeye na nahodha hawakuwa wamekubaliana mpango wa kuingia.

Kesi ilipofika mahakamani, iliyoshtakiwa ilikuwa mamlaka ya bandari. Ilikiri kosa, na mwaka 1999 ikatozwa faini ya pauni milioni 4. Rufaa ya mwaka uliofuata iliipunguza faini hiyo hadi pauni 750,000, lakini hatia ilibaki palepale. Kila mjumbe wa bodi ya bandari katika mwambao huu anapaswa kuijua kesi hiyo. Aliyeshika usukani alikosea; waliompa cheti kabla hajakomaa walikosea kabla yake.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili, wa rubani aliyeandaliwa. Usiku wa tarehe 26 Machi 2024, meli ya kontena iitwayo Dali, yenye urefu wa mita 300, ilikuwa ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani, ikapoteza umeme na nguvu ya kujiendesha ikiwa inaelekea nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Matagi, yaani boti za kuvuta na kusukuma meli, yaliyoisindikiza kutoka gatini yalikuwa yamekwisha kuiacha. Rubani alikuwa na dakika chache tu. Aliita matagi yarudi, akaamuru nanga iangushwe, na akatoa taarifa kwa redio kwamba daraja lifungwe. Polisi waliyazuia magari. Daraja liliporomoka na mafundi 6 waliokuwa wakilikarabati walipoteza maisha, msiba ambao hakuna la kuufuta. Lakini magari ya raia hayakuwa juu yake, kwa sababu mtu mmoja alijua la kufanya pasipo nafasi ya kuuliza.

Meli zenye urefu unaokaribia wa Dali sasa zinapita mbele ya feri za Likoni na pantoni za Kigamboni, ambazo kila siku hubeba maelfu kwa maelfu ya watu: wanafunzi, wauza samaki, wagonjwa, watumishi. Kenya haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu zaidi ya 270 wakafa. Ajali ile haikuhusu urubani wa meli kubwa, lakini ilituachia jibu la swali moja: maji ya Kilindini yakichukua watu, huchukua wengi kwa mara moja. Basi tunauliza. Meli ya mita 300 ikizimika ghafla Likoni saa moja asubuhi, rubani, nahodha wa feri, mwenye tagi na mnara wa mawasiliano wamekwisha kulifanyia mazoezi jambo hilo kwa pamoja? Kama jibu ni ndiyo, wananchi waelezwe. Kama ni hapana, mazoezi yaanze.

Mafunzo ya namna hiyo yana njia zinazojulikana. Upo mtambo wa kuigiza uongozaji wa meli, unaomweka rubani mbele ya mlango wa bandari yake mwenyewe na kumzimia injini katikati ya kona bila kuhatarisha roho ya mtu. Iko pia shule ya Port Revel nchini Ufaransa, karibu na Grenoble, ambayo tangu miaka ya 1960 huwafundisha marubani na manahodha katika ziwa, ndani ya meli halisi zilizopunguzwa mara 25. Chombo kidogo cha namna hiyo hujibu haraka kuliko meli kubwa, na makosa huonekana papo hapo. Lakini hakuna mtambo wala ziwa linaloweza kuchukua nafasi ya safari nyingi ambazo mwanafunzi husimama kando ya rubani mkubwa, mchana na usiku, kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, kabla ya kuachiwa meli ndogo peke yake, kisha ya kati, kisha kubwa. Ngazi hizo hazirukwi. Shinikizo la msongamano wa meli si sababu ya kuziruka.

Wapo watakaosema marubani wa kigeni wanaweza kuletwa kwa mkataba. Kwa muda, na kwa kuwafundisha wetu, inawezekana. Kama mazoea, hapana. Maji ya mlango hujifunzwa na mtu anayeishi nayo, na maarifa hayo yakipanda ndege na mkataba ulioisha, bandari inaanza upya. Pwani hii ilitoa marubani kabla haijapata gati la zege: aliyempeleka Vasco da Gama hadi Calicut mwaka 1498 alipatikana Malindi. Wapo pia watakaosema ukimsomesha rubani ataondoka kwenda Ghuba kufuata mshahara. Dawa ya hilo ni kumlipa kulingana na dhamana yake na kuwafundisha wengi, badala ya kuacha kufundisha.

Wajibu haukomei kwa mamlaka za bandari. Wenye meli nao wana deni. Ngazi ya rubani imewekewa sharti na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Pale kimo cha kupanda kinapozidi mita 9, ngazi ya kamba pekee hairuhusiwi. Lazima iunganishwe na ngazi ya ubavuni. Afisa wa meli lazima asimame pale kusimamia, akiwa na mawasiliano na chumba cha usukani, na boya la kuokolea na taa viwe tayari. Haya si mapambo. Desemba 2019 na tena Agosti 2020, bandari ya New York ilizika marubani wawili wazoefu walioanguka wakipanda meli. Kama wazoefu wa bandari tajiri kiasi hicho wanaanguka, hakuna rubani wetu wa kujifanya hawezi kuanguka. Meli inayoteremsha ngazi yenye kamba iliyooza au kidato kilichopinda isubiri nje hadi irekebishe, na mamlaka imuunge mkono rubani aliyekataa kuipanda, hata kama mwenye mzigo anapiga simu kwa wakubwa.

Haki hiyo ya kukataa imo ndani ya Azimio A.960: rubani anaruhusiwa kukataa kuiongoza meli inayohatarisha usalama wa safari au mazingira, na kukataa kwake, pamoja na sababu, kuripotiwe mara moja kwa mamlaka husika. Haki iliyo kwenye karatasi pekee haimlindi mtu. Tunataka ijulikane kwa kila meneja wa zamu kwamba kumlazimisha rubani kuingiza meli ambayo yeye amesema si salama ni kosa la nidhamu la anayelazimisha.

Nahodha wa meli naye hapaswi kukaa kando akinywa kahawa rubani anapopanda. Isipokuwa sehemu chache duniani kama Mfereji wa Panama, amri ya meli hubaki mikononi mwa nahodha. Rubani huongoza kwa ushauri na maarifa ya mahali. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hatari hiyo hutokea pale watu wawili wanaposhika meli moja bila kukubaliana. Kwa hiyo mazungumzo ya mwanzo kati yao si salamu. Ni lazima yataje kina, mwendo, idadi ya matagi, mahali pa kukatia kona, na la kufanya injini ikizimika. Na rubani anapowaelekeza wenye matagi kwa Kiswahili, ni wajibu wake kumweleza nahodha mapema kile alichoagiza, ili watu wote katika chumba cha usukani wajue kinachofuata.

Sasa tuseme na marubani wenyewe, kwa heshima na bila kuwabembeleza. Kazi yenu haina nafasi ya ujanja. Novemba 2007, katika ukungu wa San Francisco, meli ya Cosco Busan iligonga nguzo ya daraja na kumwaga mafuta lita 200,000 hivi. Uchunguzi ulionyesha kwamba uwezo wa rubani wa kufikiri ulikuwa umepunguzwa na dawa alizokuwa akitumia, na kwamba waliopaswa kusimamia afya yake hawakuwa makini. Rubani alifungwa jela miezi 10. Rubani anayeficha ugonjwa, anayekuja zamu na usingizi, au anayeona aibu kusema kwamba meli hii imempita uwezo, anacheza na roho za watu ambao hawakumtuma. Kusema sijawa tayari ni sehemu ya taaluma. Na rubani mkubwa anayemnyima mwanafunzi maarifa ili abaki yeye peke yake anayeijua njia, ameisaliti bandari yake.

Tunadai mambo manne, na hatuoni sababu ya hata moja kuahirishwa. Kwanza, kila mamlaka ya bandari itangaze kila mwaka idadi ya marubani wake kwa kila daraja la meli, idadi ya walio mafunzoni, na idadi inayohitajika kwa meli inazotarajia. Pili, kila mpango wa kuongeza kina au gati uwe na fungu la kufundisha marubani na wenye matagi, na fungu hilo lianze kutumika kabla ya mashine ya kuchimba haijafika. Tatu, chombo cha serikali kinachosimamia usalama wa majini, ambacho mapato yake hayapaswi kutegemea meli kuingia, ndicho kitoe na kunyang'anya leseni ya rubani, kipime afya yake, na kikague saa zake za mapumziko. Nne, kila ajali na kila tukio lililonusurika lichunguzwe na matokeo yachapishwe, ili rubani wa Tanga ajifunze kutokana na yaliyompata mwenzake wa Mombasa.

Bodi za bandari zinazosoma tahariri hii zina bajeti mezani. Zifungue ukurasa wa mafunzo ya marubani na kuusoma kabla ya ukurasa wa winchi. Zikikuta fungu halitoshi, ziliongeze sasa. Zikiliacha kama lilivyo, siku meli itakapolala upande mlangoni mwa bandari, zisimtafute rubani wa kumlaumu. Sahihi zao zitakuwa kwenye bajeti hiyo.